Desemba Moshi: Usikimbilie Nyama, Kaa Usikilize

Nyinyi mliooa au kuolewa Uchagani, ikifika tarehe 20 Desemba mnajua wenyewe hali inavyokuwa. Jiji la Dar linaanza kupumua. Maduka ya mtaani yanafungwa moja baada ya jingine kwa kuwa mangi kaenda kwao. Nauli zinapigiwa kelele zilezile za kila mwaka, mabasi yanaondoka alfajiri yamefuatana kama siafu, na tangu Desemba 2019 wapo wanaopanda treni, iliyorudi Moshi baada ya reli kukaa miaka mingi ikiota majani. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 500. Ukiwauliza wanakwenda kufanya nini, watakujibu wanakwenda kula Krismasi nyumbani.

Jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni siku ya ukoo. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, koo nyingi za mlimani hukutana, watu mia, mia mbili, wengine zaidi, kuanzia bibi wa miaka tisini mpaka kitoto kilichozaliwa Septemba. Kuna turubai, kuna ibada, kuna mbuzi. Na katikati ya ratiba kuna kipindi ambacho wengi wetu hatukipi uzito kabisa, kinaitwa mada. Wanaitwa watu wa kuzungumza mbele ya ukoo juu ya jambo fulani, dakika thelathini kila mmoja, kisha maswali.

Mimi ni mtu wa Muheza, nimeolewa upande wa Vunjo, na Desemba hii itakuwa ya saba kwangu kupanda mlima huo nikiwa na mabegi, watoto na mkate wa Dar ambao hakuna aliyeuagiza. Naandika juu ya kipindi hicho cha mada kwa sababu kimegusa ndoa yangu kuliko semina yoyote ya wanandoa niliyowahi kulipia kiingilio.

RATIBA KWENYE NGUZO

Hebu nikupe picha ya Desemba ya mwaka juzi. Ua mpana wa mwanaukoo mwenye nafasi, migomba pande zote na mibuni michache iliyosalia. Turubai la bluu na nyeupe, viti vya plastiki vya kukodi, spika mbili ambazo lazima zipige mluzi kwanza ndipo zifanye kazi. Ratiba imechapwa kwenye karatasi moja, imebandikwa kwenye nguzo kwa selotepu. Nakala nyingine ilishatumwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wiki mbili kabla, ikafunikwa na picha za keki.

Saa 3 ibada, padri na mchungaji kwa pamoja maana ukoo una Wakatoliki na Walutheri. Saa 4 utambulisho, ambao huwa unakula muda wote uliopo kwa sababu kila tawi linasimama na kila tawi lina msemaji. Saa 5 mada. Saa 8 chakula. Halafu mnada wa jogoo na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mfuko wa ada za watoto wasiojiweza, jogoo mmoja anauzwa mara nne na kila anayemnunua anamrudisha mnadani. Mwisho muziki.

Sasa angalia hiyo saa 5. Kwenye karatasi ni saa 5, kwa vitendo ni saa 6, na saa 6 moshi wa nyama umeshaanza kupita chini ya turubai. Mbege imeshafunguliwa. Wanaume wanachomoka mmoja mmoja, huyu anapokea simu, yule anamwangalia mtoto, na wote unawakuta nyuma ya nyumba, wamesimama kuzunguka mbuzi kama mafundi wanaokagua injini. Vijana wa mjini wako kwenye magari, viyoyozi vinaunguruma. Mtoa mada anabaki na wazee na viti.

Mume wangu hutania kwamba Wachagga hawawezi kukusanyika bila ajenda. Kuna ukweli ndani yake. Zamani vijana waliokuwa wakiingizwa utu uzima walifundishwa kwa fimbo iliyochongwa alama, mregho, kila alama na somo lake. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, aliyaandika mafundisho ya Wachagga kwenye vitabu vitatu vilivyotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Yakawepo pia mabaraza ya mamangi, ikaja mikutano ya wakulima wa kahawa walioanzisha chama chao mwaka 1925, kilichofuatiwa na KNCU mwaka 1933. Kwa hiyo kukaa chini na kusemezana kwa mpango, somo baada ya somo, hakukuletwa na selotepu.

FUVU LINALOTAFUTWA

Mada ya kwanza siku ile ilikuwa historia, na hii nakiri waliobaki walibaki kwa hiari. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, hakuanzia kwenye ukoo wake. Alianzia jirani, Old Moshi, kwa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekidai miaka nenda rudi. Mzee akaeleza kwa utulivu jinsi wazao wa watu wale walivyotoa mate yao yapimwe, na jinsi mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilivyotangaza kwamba fuvu moja limelingana kabisa na familia ya mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe likawa halijapatikana.

Halafu akatugeukia sisi. Akauliza wangapi hapa wanaweza kutaja majina ya babu zao wanne kwenda nyuma. Mume wangu akafika wa tatu akakwama. Mtoto wetu wa darasa la nne, ambaye babu yake humfundisha kila jioni akiwa likizo, akamalizia. Watu wakapiga makofi, na baba yake akatafuta simu ambayo haikuwa inalia.

Mada ya pili bwana shamba, ya tatu muuguzi. Nitapita haraka. Bwana shamba alisema mibuni ya zamani ing'olewe ipandwe aina zinazostahimili magonjwa, kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, na kwamba mifongo isafishwe maana maji ya kuchezea hayapo tena. Akatukumbusha kuwa barafu iliyokuwepo Kibo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imeshapotea ilipofika mwaka 2007. Muuguzi alisema juu ya presha na pombe, huku nusu ya wasikilizaji wakiwa na kata mkononi. Tuwaache.

WALENGWA WAKO JIKONI

Mada ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kwenye ratiba iliandikwa "Ardhi, Ndoa na Mirathi". Mtoa mada alikuwa binti wa ukoo, wakili, kaja na makaratasi yake na miwani juu ya kichwa.

Mimi sikuwa chini ya turubai. Nilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, na wakamwana wenzangu kumi na kitu, tunamenya ndizi za mtori. Utomvu umetukausha vidole, kuni mbichi zinatutoa machozi, na sauti ya wakili inatufikia vipande vipande. "Kifungu cha hamsini na tisa..." sufuria likagonga. "...bila ridhaa ya mwenzake..." mtoto akalia. Tukawa tunaulizana, kasemaje? Kasemaje?

Ghafla spika zikanyamaza. Tukadhani umeme umekatika. Kumbe wakili ameuliza wakamwana wangapi wako chini ya turubai, wamehesabiwa watatu, wote wananyonyesha. Akasema mada hii inawahusu zaidi walioko jikoni, kwa hiyo yeye atakaa chini asubiri waje. Akakaa kweli! Mwenyekiti wa ukoo akaangalia saa. MC akajaribu kuchekesha, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema kwa Kichagga maneno ambayo mpaka leo mume wangu hajakubali kunitafsiria.

Aliyeamua alikuwa mama mkwe. Alikuja jikoni, akanichukulia kisu mkononi, akasema, "Nendeni mkasikilize, wanangu. Ndizi zina mikono mingine." Akatembea mpaka kwenye magari, akagonga vioo kimoja kimoja, akawatoa wale vijana wa mjini na miwani yao ya jua akawaleta kwenye beseni la ndizi. Mtori wa siku ile ulikuwa na mabonge, na hakuna aliyelalamika kwa sauti.

NYUMBA YA WIKI MBILI

Hapa niseme kilichokuwa kinanikaa rohoni, maana najua wengi mko kwenye hali hiyohiyo.

Ukioana na Mchagga, mapema sana utasikia habari ya nyumba ya Moshi. Si nyumba ya kuishi, ni nyumba ya kufikia. Utaishi Dar au Mwanza au Dodoma, lakini lazima mlimani pawe na nyumba yenye madirisha ya vioo, sebule kubwa na mlinzi, ambayo mtaitumia wiki mbili kwa mwaka. Wageni huwa wanacheka jambo hili. Mimi nimeacha kucheka, kwa sababu nimeshaona msiba wa mtu aliyekosa mahali pa kuweka jeneza lake usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Nyumba ile ni heshima, ni kaburi la kesho, ni mahali watoto wanapojua wanatoka. Sina ugomvi nayo.

Ila nilikuwa nimeshachukua mkopo SACCOS ya kazini. Msingi umekwisha, tofali zimepangwa, mabati yamelipiwa, na nusu ya fedha ni jasho langu. Nyumba yenyewe inasimama wapi? Kwenye kihamba cha baba mkwe, kipande ambacho mzee alimwonyesha mume wangu kwa fimbo miaka kadhaa iliyopita: wewe utajenga pale. Basi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi zaidi ya mgomba.

Na mume wangu ni mtoto wa kati. Wenyeji wanajua maana yake. Kwa desturi ya mlimani, mtoto wa kiume wa kwanza alitengewa shamba, wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi, wa kati akajitafutie. Sally Falk Moore, msomi wa Marekani aliyeandika kitabu kizima juu ya mila na sheria Kilimanjaro mwaka 1986, anaonyesha jinsi uhaba wa ardhi ulivyowabana hao wa katikati. Zamani waliweza kusogea wakafungua pori. Leo utafungua pori gani? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoa wa Kilimanjaro, ya mwaka 2022 ikahesabu 1,861,934. Mlima haujaongezeka hata hatua moja.

Wakili alianza na swali, tunaojenga kwenye vihamba tunyooshe mikono. Mikono ikawa mingi. Akauliza tena, ambao wana karatasi? Ikabaki miwili.

Akaeleza, nami nilikuwa naandika nyuma ya ratiba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili ndoa ikivunjika, na kinahesabu hata mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, kama mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Na juhudi si fedha tu. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Makofi yakapigwa, hasa upande wetu.

Wakili akatushusha haraka. Hayo, akasema, ni ya talaka, na ni kati yako na mumeo. Ardhi ikiwa bado ni ya baba mkwe, mahakama itagawa nini? Jengo lililosimikwa ardhini huhesabiwa pamoja na ardhi. Kisha akaja kwenye kifo, na hapo pakawa kimya. Mila za kurithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 kwa ajili ya makabila yanayofuata upande wa baba zinamnyima mjane fungu kama marehemu ana ndugu wa ukoo, zinamwachia matunzo kutoka kwa watoto wake. Wajane wawili wa Kitanzania walizipeleka mila hizo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaitaka Tanzania izibadili. Lakini Mkristo aliyeishi kimjini mahakama inaweza kumpima kwa jinsi alivyoishi, ikamtumia sheria ya mirathi iliyotungwa India mwaka 1865! Ukoo mzima ukaguna. Yaani marehemu mmoja, na ndugu wanaweza kugombana miaka mitano kwanza juu ya sheria ipi itumike, kabla hata ya kugusa mali.

Dawa yake alisema ni karatasi, tena mapema, watu wakiwa hai na wanapendana. Baba mwenye kihamba amkabidhi mwanawe kwa maandishi mbele ya familia na uongozi wa kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hati hiyo mke na mume wanaweza kuandikwa wote. Wosia uandikwe na uhifadhiwe, RITA wanafanya kazi hiyo. Na stakabadhi za simenti, akasema akitutazama wanawake, zisitupwe na mifuko yake.

WIFI AKANYOOSHA MKONO

Kipindi cha maswali nilijua wa kwanza atakuwa mkamwana mwenzangu. Akasimama wifi yangu mkubwa. Yeye hajaolewa, ndiye anayeishi na wazazi. Ndiye anayempeleka baba kliniki na kumsaidia mama kukata majani ya ng'ombe. Akasema, "Nimefurahi mawifi zangu wamepata somo lao. Na sisi tuliozaliwa humu ndani?"

Wakili akafungua karatasi nyingine. Sheria ileile ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Imeandika mwanamke, akasema. Haikuandika mke.

Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona Desemba zote zile. Kipande changu na kipande cha wifi vinatoka kwenye kihamba kimoja. Mimi niliyekuja na begi nimeshapata msingi na mabati. Yeye aliyefagia ua huo tangu akiwa na miaka sita ana chumba. MC akatangaza chakula kiko tayari, na sijawahi kuona watu wanaharakisha mtori wenye mabonge namna ile.

Usiku tuliongea, mume wangu na mimi, kwa sauti ya chini maana kuta za nyumba ya wazazi ni za mbao. Nilimwambia sitaongeza hata mfuko mmoja wa simenti mpaka kuwe na maandishi. Akaniuliza kama nimekuja kwao kuwatayarishia baba yake jeneza. Iliniuma. Kwake kumwomba mzee karatasi ni sawa na kumwambia tunakusubiri ufe. Kwangu kutoomba ni kumlipa SACCOS kwa miaka mitatu nyumba ambayo siku moja naweza kuambiwa nimeikuta. Hatukumaliza. Tulilala kila mtu na ukuta wake.

Asubuhi, kabla ya chai, baba mkwe alituita. Alikuwa ameshika fimbo yake na amevaa koti la misa. Akatupitisha kwenye mpaka wa kihamba, kwenye mstari wa masale, yale majani ambayo Wachagga wakipanda ni mpaka, na wakikupelekea mkononi ni msamaha. Alitembea polepole, akisimama kila pembe kutaja jirani ni nani na baba wa jirani alikuwa nani. Pale penye msingi wetu akasimama muda mrefu kidogo. Akasema jana alikuwa amekaa nyuma, hakwenda kwenye nyama, ameyasikia yote. Akamwambia mwanawe, "Mimi niliandikiwa na nani? Na bado nilitoana damu na kaka yangu kwa ajili ya migomba kumi." Kisha akanigeukia akaniambia nivute subira, atazungumza na watoto wake wote pamoja, wa kiume na wa kike.

Ilichukua muda, nisiwadanganye. Tulitegemea Pasaka, Pasaka ikapita na msiba. Mwezi wa nane ndipo familia ilikaa, mtendaji wa kijiji akiwepo, na kipande chetu kikaandikwa kwa vipimo na majina ya mashahidi. Shemeji yangu wa mwisho hakufurahi na hajafurahi. Hati yenye majina mawili bado tunaifuatilia. Ujenzi umefika kwenye lenta, na bahasha ya stakabadhi iko kabatini kwangu Dar.

Nikirudi kwenye mada zenyewe: kama uko kwenye kamati ya siku ya ukoo wako, hamisha muda. Mada ziwe baada ya ibada tu, watu wakiwa bado na heshima ya kanisani na mbuzi akiwa hajaiva. Spika moja ielekee jikoni, au bora zaidi mkodi wapishi kwa mchango wa elfu tano tano, sisi tumefanya hivyo mwaka jana na hakuna aliyekufa kwa aibu. Mtoa mada awe mtu wa ukoo kama yupo, kwa sababu wakili yule angekuwa mgeni wa kulipwa, nani angekubali akae chini asubiri wakamwana? Na wanandoa, kaeni viti vilivyopakana. Nimegundua mengi ya mume wangu kwa kumwangalia tu uso wake mtu mwingine akiwa ameshika maiki.

Ratiba ya Desemba hii imeshatumwa kwenye grupu. Saa 3 ibada. Saa 4 mada ya kwanza, "Binti na Kihamba". Aliyeipendekeza ni wifi. Aliyeandikwa kuifungua ni baba mkwe, ameomba dakika kumi. Juzi nilimpigia mama simu nikamuuliza mzee atasema nini. Akasema kila jioni anamwona ameshika kalamu na daftari la mjukuu, anaandika na kufuta, na ukimsogelea analifunga.